Sindano Iliyosimama Kwenye Tatu

Siku ya tatu ya matanga ya Hamisi nilikasirika hadi nikajimwagia chai. Nilikuwa nimekaa kwenye baraza la nyumba ya nyanya yake, hapa hapa Bondeni, Nakuru, kwenye kiti cha plastiki walichonipa kwa sababu ya magoti yangu, na nyuma yangu dirisha lilikuwa wazi. Ndani kina mama walikuwa wakichagua mchele wa hitma. Msichana mmoja, sijui wa nani, maana siku hizi watoto wa watu siwajui tena, akauliza yule mama mzee aliyekaa peke yake uani, mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, ni nani. Mwenzake akajaribu kupunguza sauti, lakini watu wa nyumba ile hawajawahi kujua kupunguza sauti.

"Huyo ndiye mamake marehemu. Si ndiye yule alikataliwa na bomba?"

"Bomba gani?"

"Ai, hujawahi sikia? Kitambo, wakati ya Emajensi. Alikuwa Mkikuyu ameolewa hapa, akaslimu, kumbe amekula kiapo. Kila akienda kutia udhu maji inamkataa. Bomba inamrusha mkono! Na siku alienda, bomba ikatulia tuli. Si uongo, kulikuja fundi na mashini ya kupima, akapima, akasema hakuna kitu."

"Wacha wewe."

"Haki ya Mungu. Fundi mwenyewe ni huyo babu amekaa hapo nje. Muulize."

Kichwa kikatokeza dirishani. "Babu, eti ni ukweli?" Nikageuka kwa ghafla, chai ikanimwagikia pajani, na mimi, mzee wa miaka themanini na mitano, niliyezika mke na watoto wawili, nisiyebakiwa na mtu wa kumwogopa duniani, nikamjibu: "Chai yenu ni moto sana, mjukuu wangu." Wakacheka, wakarudi kwenye mchele wao. Nikamkasirikia msichana yule kwa kuuliza, nikamkasirikia mwenzake kwa kusimulia, nikaikasirikia nyumba nzima na marehemu wake wote, mpaka hasira ikafika kwangu mwenyewe, na ikishafika hapo huwa haiendi kokote. Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi nina wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikalia kifuani namna hii.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na sita. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba hii hii, cha mwisho mkono wa kushoto, kitanda cha kamba, meza moja, na ukuta wa mbao ambao ulinipa habari zote za jirani bila mimi kuuliza. Mwenye nyumba alikuwa Bi Rukia, mjane mnene aliyependa kusema kwamba watu wake ni wa Mombasa, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Nakuru na baridi ya Nakuru ndiyo iliyomlea. Chumba cha mbele alikigeuza hoteli. Asubuhi harufu ya mahamri ya iliki ilipita chini ya mlango wangu kabla sijafungua macho, na mpaka leo nikiisikia mahali popote huvuka barabara. Mchana nilifanya kazi ya kutengeneza redio katika duka la Mhindi mmoja karibu na stesheni, tuliyemwita Bwana Kanti. Hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kazi, alinikaripia, na katika mwaka wangu wa tatu aliniruhusu kushika mita.

Hiyo mita lazima niieleze, kwa sababu mambo yote yamo humo. Ilikuwa sanduku jeusi la ukubwa wa Kurani ya msikitini, ina kioo, ndani ya kioo kuna sindano nyembamba, na mbele kuna kidude cha kuzungusha. Nyaya mbili zilitoka pembeni, nyekundu na nyeusi. Kupima nguvu ya umeme iliyoko ukutani ni rahisi, unagusa huku na huku, basi. Lakini ukitaka kupima mkondo wenyewe, yaani ni umeme kiasi gani unaopita, sharti uikate njia yake na kuiweka mita katikati, ili kila kinachopita kipitie humo. Na sharti uiambie mita mapema unatarajia kiasi gani, kwa kile kidude. Ukikiweka kwenye kipimo kidogo na mkondo ukawa mkubwa, umeiunguza mita ya watu. Ukikiweka kwenye kipimo kikubwa na mkondo ukawa mdogo, sindano italala kwenye sifuri kana kwamba hakuna kitu chochote duniani. Mikondo midogo, ile ya sehemu moja ya elfu ya ampea ambayo sisi mafundi tuliiita mili, ndiyo niliyoipenda. Ilinipa fahari kwamba ninaona kitu ambacho bwana mkubwa mwenye gari hakioni. Nilikuwa na majivuno, na sikujua kama majivuno yana bei.

Mwezi wa tatu Bi Rukia akanunua friji, ya mitumba, kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akihama shamba. Hakuna hoteli nyingine ya Mwafrika Bondeni iliyokuwa na friji. Bwana Kanti akanituma kuifunga. Friji ikiwa ya chuma, sharti iwe na waya wa kwenda ardhini, ili umeme ukivuja uteremke mchangani badala ya kumngoja mtu aje aguse. "Funga kwa paipu ya maji," Bwana Kanti akaniambia, "kila nyumba iko hivyo." Na ni kweli, kila nyumba tuliyoifanyia kazi kule mlimani kwa Wazungu ilikuwa hivyo, kwa sababu kule paipu inazama ardhini na kwenda maili nzima chini ya udongo. Kwa Bi Rukia paipu haikuzama popote. Maji yake yalitoka kwenye tangi lililosimama juu ya miguu ya mbao nyuma ya nyumba, yakapita kwenye paipu iliyopigiliwa ukutani, yakafika kwenye bomba la uani. Paipu ile ilining'inia tu, mwanzo hadi mwisho, haikugusa udongo hata kidogo. Ningalitazama ningaliona. Lakini watu walijaa hotelini wakingoja soda ya kwanza ya baridi, na Bi Rukia alikuwa akiniita "Athumani mwanangu, fanya upesi," nami nikafunga waya kwenye paipu kwa fundo langu la mizunguko minne, nikanywa soda ya bure, nikaenda zangu. Friji yenyewe ilikuwa inavuja umeme kidogo, kwa uzee wa mashine yake.

Sasa niseme habari ya viatu. Uani kwa Bi Rukia, bomba lilikuwa ndani ya kiukuta kifupi chenye sakafu ya saruji iliyokuwa majimaji siku zote, na bomba hilo lilikuwa la watu wa nyumba peke yao, sisi wapangaji tulichota kwenye bomba la mtaa. Kila mtu wa nyumba alikuwa na mitalawanda yake, vile viatu vya mbao vya kuingilia bafuni, imepangwa mlangoni, na mtu hakuvaa ya mwenzake. Bi Rukia alikuwa na yake, binti yake Zuhura alikuwa na yake, na mwanawe Saidi, dereva wa lori la ngano aliyekuwa akishinda njiani siku nne katika saba, alikuwa na yake. Mke wa Saidi hakuwa nayo. Mitalawanda ya bi harusi hutolewa na mama mkwe, Bi Rukia alisema, na yeye angeitoa mkaza mwanawe akishajua kusali vizuri. Mwaka wa pili ulikuwa umeingia, mtoto amezaliwa, na msichana yule bado aliingia bombani miguu mitupu.

Jina lake la kuslimu lilikuwa Halima. Alizaliwa Wanjiku, kule Bahati, kwenye shamba la Mzungu ambako wazazi wake walikuwa vibarua mpaka walipozolewa na kupelekwa rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu. Yeye alibaki mjini kwa sababu Saidi alimpenda na kumwoa, na karatasi yake ya kukaa Nakuru iliandikwa kwamba ni mke wa Saidi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na Hamisi wake alikuwa bado ananyonya. Aliosha vyombo vyote vya hoteli. Nami nilimwita shemeji, kwa sababu Saidi alikuwa rafiki yangu.

Wiki ya pili baada ya friji kufungwa nilimsikia akipiga ukelele uani, na kikombe kikavunjika. "Hii bomba imeniuma," alisema. Zuhura akaenda, akashika bomba, akafungua na kufunga. "Mbona mimi hainiumi?" Bi Rukia naye akaja na mitalawanda yake, kwa, kwa, kwa, akashika kwa mikono miwili. Kimya. Kesho yake likamuuma tena, alipokuwa akitia udhu wa adhuhuri, likamtupa mkono mpaka akamwaga kata. Halikumuuma kila mara. Lilimuuma friji ilipokuwa ikinguruma, lakini nani angeyaweka mambo hayo mawili pamoja? Mimi ndiye ningeyaweka, na mimi nilikuwa kazini.

Nikaanza kuyasikia maneno jioni, wakati wa kula, kupitia ule ukuta wa mbao. Nilikuwa nikila maharagwe yangu peke yangu na wao wakila upande wa pili, na Zuhura ndiye aliyeyatoa kwanza. "Mama, unajua hawa watu wanakula kiapo. Hata wanawake." "Usilete maneno hayo nyumbani mwangu," Bi Rukia akasema, kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini mbona maji ya udhu yamkatae yeye tu?" Nilisikia kijiko cha Halima kikiwekwa kwenye sahani. Alikuwa pale pale anakula nao! Walimsema mbele yake, na mtoto wake mapajani. Mwaka ule wa Emajensi serikali ya Wazungu ilikuwa ikiwasaka Wakikuyu waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni, na neno kiapo lilitosha kumpoteza mtu. Likivuka ukuta wa nyumba likafika kwa chifu, mtu alipandishwa lori, na hakuna aliyeulizwa ushahidi.

Wa kwanza kusema neno la akili alikuwa Mwalimu Zubeiri, aliyefundisha watoto Kurani chuoni. Bi Rukia alimwendea ili amwambie kama maji yanaweza kumkataa mtu. "Maji hayamjui mtu, Bi Rukia," akamjibu. "Tafuteni fundi." Fundi alikuwa chumba cha mwisho mkono wa kushoto. Nikaagizwa nilete mita siku ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Saidi akiwepo, ili kila mtu aone. Nami kwa majivuno yangu sikungoja Ijumaa. Jumatano asubuhi, Bi Rukia na Zuhura wakiwa sokoni, niliiazima mita dukani nikaenda uani kujaribu kwanza.

Halima alikuwa hapo na masufuria yake, Hamisi mgongoni. Nilifunga waya mmoja kwenye bomba, mwingine nikaushika, kidude nimekizungusha mpaka kipimo kidogo kuliko vyote. Friji ilikuwa ikinguruma hotelini. Sindano haikusogea. "Hakuna kitu, shemeji," nikamwambia.

Akanitazama miguuni. "Lakini wewe umevaa viatu ya mpira."

Naapa, mimi niliyesomea kazi hiyo miaka mitatu sikuwa nimelifikiria hilo. Alimweka mtoto chini kwenye kanga, mbali na maji, akaja akasimama kwenye saruji, akanyoosha mkono. "Lete mimi nishike." Nikamwambia atasikia mwasho. "Si huwa nausikia kila siku?" akasema, akaushika waya. Sindano ikainuka. Ilipanda polepole, ikatetemeka, ikasimama kwenye tatu. Mili tatu. Haimuui mtu, lakini mkono wenye maji huisikia mpaka kwenye kiwiko. Aliinamia kioo akaangalia, uso umemkunjamana kwa mwasho ule, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu nyumbani mle: akaivuta kwa kidole cha mguu mitalawanda ya mama mkwe wake, akaivaa. Sindano ikalala. Akaivua, tatu. Akaivaa, sifuri. Alifanya hivyo mara nne au tano, huku akicheka, na mtoto akaanza kucheka kwa kumwona mamake anacheka.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe, shemeji. Ni umeme."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Akarudi kwenye masufuria akiimba. Mimi nikaifuata paipu ukutani nijue umeme unatoka wapi, nikapita nyuma ya jiko, nikafika ukuta wa hoteli, na hapo nikaliona fundo la mizunguko minne. Hakuna fundi mwingine Nakuru aliyefunga hivyo. Nikaifuata paipu upande wa pili, nikaona miguu ya mbao ya tangi, nikaelewa yote papo hapo, nimesimama na mita mkononi kama mwizi aliyekutwa na kuku.

Mwezi wa saba nilikuwa niingie mtihani wa ufundi wa serikali, na bila barua ya Bwana Kanti nisingepokelewa. Mchana ule dukani nilimsikia akimweleza mteja jinsi alivyomfukuza fundi aliyefunga waya vibaya katika nyumba ya mtu. "Umeme haina msamaha," alisema, "na mimi pia." Ningeweza kumwambia kwamba alinituma yeye, kwamba paipu ilikuwa amri yake. Ningeweza kuubadilisha waya kimya kimya siku ile ile ya Jumatano, kisha Ijumaa nikasema lilikuwa kosa la umeme na limekwisha. Nimeyapanga hayo yote mara nyingi tangu hapo, nikiwa kitandani, nikiwa garini, nikiwa kanisani kwenye harusi za majirani. Wakati ule niliwaza kitu kimoja tu, barua. Nikajiambia hawatamfanya kitu, Saidi anampenda, maneno ya wanawake yatapita. Upuuzi mtupu! Nilikuwa nimekwisha kuwasikia kupitia ukutani, nilijua hasa watamfanya nini.

Ijumaa wakajaa uani. Bi Rukia alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu hakuna kiti kilichokuwa karibu, Zuhura nyuma yake, Saidi amevaa kanzu yake ya Ijumaa na hamtazami mtu, Mwalimu Zubeiri amesimama mlangoni na fimbo. Halima alikuwa amejitanda kanga safi. Aliingia kwenye saruji bila kuambiwa na kunyoosha mkono, mwepesi, kama mtoto anayejua jibu darasani. Nikafunga waya kwenye bomba, na kabla ya kumpa mwingine nikakizungusha kile kidude. Nilikipeleka mpaka mwisho, kwenye kipimo cha ampea kumi, ambacho ungepima nacho pasi ya umeme. Mita haijui kusema uongo. Mimi ndimi niliyeichagulia swali la kijinga, nayo ikajibu vile ilivyoulizwa. Halima akashika waya, akakunja uso kwa mwasho. Sindano ikalala kwenye sifuri.

Aliangalia kioo. Akaangalia kidude. Akaniangalia.

"Zungusha hiyo kitu," akasema. "Juzi ilikuwa inaangalia upande ile ingine."

"Juzi lini?" Zuhura akauliza.

"Fundi, zungusha. Ama nipeni viatu nivae, mtaona, nikivaa haiumi."

"Viatu vyangu?" Bi Rukia akasema.

Na hapo mimi, mwenye elimu, mwenye mita, nikasema maneno ambayo ningetoa mkono wangu wa kulia niyarudishe. Nilisema: "Shemeji, hii si kazi ya wanawake. Mita imeonyesha hakuna kitu."

Mwalimu Zubeiri akainamisha kichwa. "Fundi amesema," alisema, akaondoka. Alikuwa ametaka ukweli utoke kwa mtu mwenye ujuzi, nami nikamwonyesha ujuzi ulivyo.

Talaka iliandikwa Jumapili. Saidi aliandika akilia, na machozi yake pia yananikasirisha mpaka leo, kwa sababu hayakumzuia kalamu. Jumatatu askari wakaja, maana sasa karatasi yake ya mjini haikuwa na mume ndani yake, na nani aliwaambia upesi namna ile sijui, wala sitaki kumsingizia aliyekufa. Walisema lori la kwenda Murang'a litapita saa nne. Murang'a! Hakuwahi kukanyaga huko maishani mwake. Akamfunga mtoto mgongoni, Bi Rukia akamfungua. "Damu yetu haiendi rizavu," akasema. Sheria ya dini yenyewe humpa mama mtoto anayenyonya, kila mtu mle ndani aliijua, na Mwalimu Zubeiri alikuja mpaka mlangoni kuwakumbusha, wakamfungia mlango. Halima hakupiga kelele. Alikaa barazani kungoja lori, kifua cha gauni kimelowa maziwa, na Zuhura, sijui ni huruma au ni desturi tu ya nyumba, akamletea chai katika kikombe cha bati. Akainywa yote. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu, na sikwenda kumuaga, kwa sababu nilichelewa kazini.

Jumanne nilipigilia chuma kirefu ardhini nyuma ya hoteli, nikalikata lile fundo kwenye paipu, nikaufunga waya pale panapostahili. Nilimwambia Bi Rukia ninaisafisha friji. Kazi ilikuwa nzuri sana, kazi bora niliyofanya mwaka ule. Jioni Zuhura akateleza bombani, mtalawanda ukamtoka, akalishika bomba akiwa mguu mmoja mtupu juu ya maji, na halikumfanya kitu. Nikawasikia kupitia ukutani. "Mmeona?" Bi Rukia akasema. "Amekwenda, limetulia." Wakashukuru Mungu. Mkono wangu mwenyewe ndio uliowapa ushahidi ambao hawakuwa nao. Mwezi wa saba nikafaulu mtihani, na cheti chenyewe kipo sebuleni kwangu kwenye fremu, na kila mgeni hukisifu.

Halima, sasa Wanjiku tena, alirudi Bahati baada ya uhuru, akaolewa huko, akawa na watoto wengine. Aliuza kabichi sokoni hapa mjini miaka mingi. Hamisi alikuwa akimsalimia kwa adabu, shikamoo mama, kama unavyomsalimia mama yeyote wa sokoni, na kupita. Nilimwona kwa macho yangu akifanya hivyo, nami nikageukia viazi.

Kwa hiyo siku ile ya matanga, paja likiwa bado linaniwaka, nikainuka kwenye kiti cha plastiki nikaenda uani. Paipu sasa ni ya plastiki, maji ni ya kaunti, lakini kiukuta ni kile kile. Alikuwa amekaa juu yake, mkoba mapajani.

"Pole kwa mtoto, shemeji."

"Mimi si shemeji ya mtu hapa," akasema. Akanitazama. "Fundi."

"Ile siku nilizungusha."

"Najua. Si nilikuona ukizungusha?"

"Waya ulikuwa wangu. Niliufunga vibaya, nikaogopa. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha ni ya mimi na wewe, hiyo tunaweza kuongea." Akanyoosha kidevu kuelekea dirishani. "Na hao? Mtoto wangu amezikwa akijua maji ilinikataa."

"Nitawaambia," nikasema.

Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha Jumatano ile. "Hivyo ndivyo uliniambia. Na ni hapa hapa."

Nikaingia ndani bila kubisha, nikasimama katikati ya masinia ya mchele, nikawaambia yote. Nikawaambia habari ya friji, tangi la miguu ya mbao, fundo la mizunguko minne, mitalawanda, sindano iliyosimama kwenye tatu, na kidude nilichokizungusha. Nikawaambia kwamba yule mama aliwaeleza ukweli na mimi nikamnyamazisha, kwamba bomba lilitulia kwa sababu ya chuma nilichopigilia mimi, na kwamba nyumba hii imekula uongo wangu miaka sitini na kuufanya dini. Sauti yangu ilikuwa kali. Nilitaka wanitukane.

Wakatazamana. "Babu amechomwa na jua," msichana wa dirishani akasema kwa upole. "Ni msiba," mwingine akasema, "Hamisi alikuwa kama mtoto wake. Mkalisheni." Mmoja akanishika kiwiko. Nikapiga kelele, "Nasema ni mimi!" nao wakaitikia, "Ndiyo babu, ni wewe, ni wewe," kwa sauti ile wanayombembelezea mtoto, wakanikalisha kwenye godoro, wakanitia kikombe mkononi. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba mafundi wa zamani wakizeeka huona nyaya kila mahali.

Wanjiku alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Alikuja akainama mbele yangu, kwa shida, magoti yake si bora kuliko yangu, akanisaidia kukishika kikombe.

"Kunywa, Fundi," akasema. "Hata mimi walinipa chai, kabla lori ikuje."

Nikainywa.